Zahanati Kama Kiungo cha Kwanza: Hoja Kuhusu Mtandao wa Watafiti wa Afya ya Msingi Nchini Tanzania

Katika mijadala ya sera ya utafiti wa afya nchini Tanzania umejengeka msimamo unaoonekana kuwa wa busara kiasi kwamba ni nadra kuhojiwa: kwa kuwa wataalamu wa utafiti ni wachache na fedha ni haba, mtandao wa watafiti wa afya ya msingi hauna budi kuanzia juu, katika vyuo vikuu na taasisi za utafiti, ndipo matunda yake yashuke taratibu hadi kwenye halmashauri na zahanati. Makala haya yanaupinga msimamo huo. Yanadai kwamba kiungo cha kwanza cha mtandao wa namna hiyo ni zahanati pamoja na timu ya halmashauri inayoisimamia, na kwamba mtandao unaoanzia chuoni unaweza kuzaa machapisho mazuri kwa miaka mingi bila kugusa maamuzi ambayo utafiti wa afya ya msingi ulikusudiwa kuyaongoza. Ushahidi mkuu unatoka katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini, ambako kati ya mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000 utafiti ulifanywa kuwa sehemu ya kazi ya kupanga bajeti ya afya ya wilaya.

Neno mtandao linatumika hapa kwa maana ya utaratibu wa kudumu unaowaunganisha watu na vituo vinavyokusanya taarifa kwa njia moja, vinavyoulizana maswali yanayofanana na kurudishiana majibu; orodha ya majina na mkutano wa kila mwaka, hata vikiwa na manufaa yake, havitoshi kuitwa hivyo. Afya ya msingi nayo inachukuliwa kwa maana iliyowekwa na Azimio la Alma-Ata la Septemba 1978, yaani huduma ambayo mwananchi hukutana nayo kwanza, karibu na anapoishi na kufanya kazi, ikijumuisha kinga, lishe, maji safi, afya ya mama na mtoto na tiba ya magonjwa ya kawaida.

Kwamba huduma hizo zinahitaji utafiti si jambo lenye ubishi. Azimio lenyewe lilitamka kuwa afya ya msingi hujengwa juu ya matokeo ya utafiti wa kijamii, wa kitabibu na wa huduma za afya. Mwaka 1990 Tume ya Utafiti wa Afya kwa Maendeleo ilipendekeza nchi zinazoendelea zitenge angalau asilimia 2 ya matumizi yao ya afya kwa ajili ya utafiti, na pendekezo hilo likarudiwa katika wito wa Bamako wa mwaka 2008. Ubishi unaanza pale inapoulizwa mtafiti ni nani, na swali la utafiti lizaliwe wapi.

Jibu moja linalosikika sana barani Afrika ni lile la mtandao wa Primafamed, ulioanza mwaka 2008 kwa msaada wa Ulaya na uratibu wa Chuo Kikuu cha Ghent nchini Ubelgiji, ambao huunganisha idara za tiba ya familia na afya ya msingi za vyuo vikuu vya nchi zilizo kusini mwa Sahara. Kazi yake ya kuwafunza madaktari wa familia inastahili heshima. Hata hivyo, mfano huo umejengwa juu ya dhana kwamba anayempokea mgonjwa kwanza ni daktari, dhana ambayo ni ya kweli Uholanzi na Uingereza lakini si ya kweli Kisarawe wala Nachingwea. Katika zahanati ya kijiji nchini Tanzania mgonjwa hupokelewa na tabibu, tabibu msaidizi au muuguzi mkunga, na mara nyingine mtumishi mmoja huyo huyo ndiye anayepima, anayetoa dawa, anayezalisha na anayejaza vitabu. Mtandao wa utafiti wa afya ya msingi unaowaunganisha madaktari peke yao katika mazingira hayo utakuwa umewaacha nje karibu wote wanaoitoa huduma hiyo.

Watetezi wa mfano wa chuo kikuu hujibu kwamba hata Ulaya utafiti wa huduma za msingi ulianzishwa na madaktari, na mara nyingi humtaja William Pickles, daktari wa vijijini katika bonde la Wensleydale kaskazini mwa Uingereza, aliyechapisha mwaka 1939 kitabu kuhusu magonjwa ya mlipuko aliyoyafuatilia katika eneo lake. Mfano huo, ukisomwa vizuri, unaunga mkono hoja iliyo kinyume. Pickles hakuwa mtu wa chuo kikuu. Aliweza kufuatilia nani aliambukizwa na nani, na baada ya siku ngapi, kwa sababu alizifahamu familia za bonde zima na aliandika kila tukio lilipotokea. Sifa hizo mbili, kuifahamu jamii na kuandika papo kwa papo, nchini Tanzania anazo muuguzi wa zahanati kuliko mhadhiri wa Dar es Salaam.

Hoja hiyo ilikwisha kupewa takwimu mwaka 1961, Kerr White na wenzake walipochapisha makala mashuhuri kuhusu mahali magonjwa yanapopatikana hasa. Walikadiria kwamba kati ya watu wazima 1,000, katika mwezi mmoja, 750 hupatwa na maradhi au majeraha, 250 humwona daktari, 9 hulazwa hospitalini, 5 hupelekwa kwa daktari mwingine, na mmoja tu hufika katika hospitali ya chuo kikuu. Takwimu hizo ni za Marekani na Uingereza, na haifai kuzihamisha kama zilivyo. Lakini mantiki yake haipungui nguvu ikihamishwa, kwa kuwa katika nchi ambako hospitali za rufaa ziko mbali zaidi na nauli ni mzigo mkubwa zaidi, ni vigumu kuamini kwamba sehemu ya maradhi inayofika Muhimbili au Bugando inawakilisha maradhi ya nchi. Mtafiti anayeanza na wagonjwa wa hospitali ya chuo anaanza na mabaki ya safari ndefu ya kuchujwa.

Kundi la pili la mitandao linasimama karibu zaidi na jamii, na kwa hiyo linahitaji kujadiliwa kwa uangalifu zaidi. Mwaka 1998 ulizaliwa jijini Dar es Salaam mtandao wa INDEPTH, ambao baadaye uliweka makao yake Accra, Ghana, kwa lengo la kuunganisha vituo vya ufuatiliaji wa idadi ya watu na afya vya Afrika na Asia. Ufuatiliaji wa aina hiyo una maana ya kuitembelea kila kaya ya eneo maalumu mara kwa mara katika mwaka na kuandika kila uzazi, kifo na uhamiaji; na kwa kila kifo kufanya mahojiano ya chanzo cha kifo, yaani kuwauliza ndugu wa marehemu dalili alizokuwa nazo ili wataalamu wakadirie ugonjwa uliomuua, kwa kuwa wengi hufariki bila cheti cha daktari. Tanzania ilikuwa na uzoefu wa kazi hiyo kupitia mradi wa AMMP, ulioanza mwaka 1992 katika maeneo ya Hai, Morogoro Vijijini na Dar es Salaam, na kupitia kituo cha Ifakara, chimbuko lake likiwa maabara iliyofunguliwa mwaka 1957 na Mswisi Rudolf Geigy, ambacho kilianza ufuatiliaji wa kaya katika wilaya za Kilombero na Ulanga mwaka 1996.

Mitandao ya aina hii imeonyesha uwezo mkubwa. Katika Kilombero na Ulanga ilithibitishwa kwamba vyandarua vilivyotiwa dawa, vikiuzwa kwa bei nafuu kupitia maduka ya kawaida, viliongeza uwezekano wa kuishi wa watoto wenye umri wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne kwa asilimia 27. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2001, na mwaka 2004 ukaanza mpango wa taifa wa hati punguzo kwa wajawazito. Udhaifu wa mitandao hii uko katika umiliki wa maswali na uhai wa fedha. AMMP ilifikia kikomo mwaka 2004 ufadhili wa Uingereza ulipokoma. Mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mpango wa tafiti za kitaifa za idadi ya watu na afya uliokuwa ukizisaidia nchi nyingi tangu mwaka 1984 ulisimama nao. Kituo ambacho swali lake huandikwa na mfadhili hufungwa pia na mfadhili.

Rufiji na Morogoro Vijijini

Mradi wa TEHIP, uliobuniwa na Wizara ya Afya ya Tanzania pamoja na shirika la Kanada la IDRC, ulianza na swali lililoonekana dogo: je, wilaya ikipewa ushahidi kuhusu magonjwa yanayowaua watu wake, pamoja na nyongeza ndogo ya fedha, itapanga bajeti yake kwa namna tofauti, na je, tofauti hiyo itaonekana katika afya ya watu? Kinachostahili kusisitizwa ni kwamba aliyeulizwa na aliyejibiwa alikuwa mmoja, yaani timu ya wilaya ya usimamizi wa huduma za afya. Timu hiyo, chini ya mganga mkuu wa wilaya, ilikuwa ndiyo inayoandika mpango wa mwaka na kugawa fedha.

Taarifa za ufuatiliaji wa kaya ziligeuzwa kuwa michoro michache iliyoonyesha, kwa kila kundi la magonjwa, sehemu ya miaka ya uhai iliyopotea na sehemu ya bajeti iliyotengwa. Morogoro Vijijini ilionekana kwamba malaria ilichukua takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea lakini ilitengewa asilimia 5 tu ya bajeti ya mwaka 1996, huku baadhi ya magonjwa yenye mzigo mdogo zaidi yakipata fungu kubwa kwa sababu yalikuwa na miradi yake maalumu kutoka ngazi ya taifa. Hakuna aliyeupanga uwiano huo kwa makusudi. Ulirithiwa mwaka hadi mwaka kwa kunakili bajeti iliyopita, na haukuonekana kwa kuwa hakuna aliyewahi kuweka taarifa za vifo na taarifa za fedha katika ukurasa mmoja. Zilipowekwa, wapangaji wenyewe waliuona, na katika miaka miwili iliyofuata fungu la malaria lilipanda hadi karibu robo ya bajeti.

Jambo hilo lina uzito kuliko matokeo yoyote ya kitabibu ya mradi. Taarifa za vifo vya Morogoro zilikuwa zimekusanywa na AMMP kwa miaka kadhaa kabla ya TEHIP, na zilikuwa sahihi. Hazikubadilisha bajeti kwa sababu zilikwenda kwa watafiti na wizarani, wala hazikufika mezani kwa timu ya wilaya katika majira ya kupanga, zikiwa katika sura inayolingana na vifungu vya bajeti. Tofauti kati ya utafiti uliokaa rafuni na utafiti uliohamisha fedha ilikuwa ni mwelekeo wa jibu na wakati wa kufika kwake.

Mabadiliko hayakuishia kwenye michoro. Timu ziliunda ngazi ya usimamizi ambapo watumishi wa kituo cha afya waliwatembelea na kuwasaidia wenzao wa zahanati za jirani, simu za upepo ziliwekwa ili kuombea gari la wagonjwa na dawa, wanakijiji walishiriki kukarabati majengo ya zahanati zao, na watumishi walifundishwa utaratibu wa udhibiti wa pamoja wa magonjwa ya watoto, ambao humtaka mhudumu amchunguze mtoto kwa homa, kikohozi, kuhara na utapiamlo kwa pamoja badala ya kutibu dalili moja iliyomleta. Wilaya ziliahidiwa nyongeza ya hadi dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka, lakini ziligundua kwamba zingeweza kutumia kwa ufanisi chini ya dola moja. Dhana iliyozoeleka, kwamba tatizo la wilaya ni fedha tu, ilipata pigo kutoka kwa wilaya zenyewe.

Faida nyingine ilionekana Rufiji, wilaya ambayo wakati huo ilijumuisha pia eneo la wilaya ya sasa ya Kibiti. Kwa muda mrefu ilisemwa, wakati mwingine kwa dharau, kwamba watoto wenye homa kali na degedege hufia nyumbani kwa sababu wazazi wao hukimbilia kwa waganga wa jadi. Uchambuzi wa mahojiano ya vifo, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya waliofariki kwa malaria walikuwa wameanza kwa tiba ya kisasa. Swali sahihi likawa limegeuka: tatizo halikuwa jamii kuikwepa zahanati, bali kile kilichotokea mgonjwa alipofika huko, na baada ya kutoka. Daftari la zahanati peke yake lisingeweza kufichua hili, kwa sababu aliyetibiwa na kufa nyumbani haandikwi tena; wala mahojiano ya kaya peke yake yasingetosha. Mtandao unaopendekezwa na makala haya lazima kwa hiyo uwe na mguu mmoja zahanati na mwingine katika kaya, na mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 umeleta watu wanaoweza kuusimamisha mguu huo wa pili.

Pingamizi

Pingamizi zito zaidi linahusu vifo. Wasimamizi wa TEHIP waliripoti kwamba vifo vya watoto chini ya miaka mitano katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka michache, na takwimu hiyo imenukuliwa mno. Lakini vifo vilikuwa vikipungua nchi nzima: tafiti za kitaifa zilikadiria vifo 147 kwa kila watoto 1,000 mwaka 1999 na 112 katika utafiti wa 2004–05. Tathmini iliyozilinganisha Rufiji na Morogoro Vijijini na Kilombero na Ulanga, iliyochapishwa mwaka 2004, ilikuta vifo vikiwa chini kwa asilimia 13 tu katika wilaya zenye utaratibu mpya wa huduma za watoto, na kwa kipimo cha kitakwimu tofauti hiyo haikuweza kutengwa kabisa na bahati. Ni haki kukubali kwamba asilimia 40 haiwezi kuhesabiwa yote kuwa matunda ya mradi. Hata hivyo, hoja ya makala haya haitegemei idadi ya vifo vilivyozuiwa. Inategemea ukweli kwamba uamuzi wa kibajeti ulibadilika, na kwamba ulibadilika kwa mkono wa wenye mamlaka ya kuubadilisha. Zaidi ya hayo, ulinganisho uliozaa asilimia 13 uliwezekana kwa sababu wilaya nne zilikuwa zikihesabu kaya zao kwa njia zinazolingana. Takwimu inayotumiwa kuudhoofisha mfano huo ni yenyewe zao la mtandao wa ngazi ya wilaya.

Pingamizi la pili husema taarifa za zahanati hazina ubora. Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, yaani MTUHA, ulioenezwa nchini katika miaka ya 1990, hutegemea vitabu vinavyojazwa kwa mkono, kama kitabu namba 5 cha wagonjwa wa nje, na muhtasari wake hupelekwa wilayani kila mwezi. Makosa yapo, na ni mengi. Lakini chanzo chake kikubwa kinajulikana kwa yeyote aliyekaa na wajazaji wa vitabu hivyo: taarifa hupanda, majibu hayashuki. Mtumishi anayejumlisha tarakimu usiku na asizione tena hana sababu ya kuzihakiki. Kenya imetoa fundisho katika jambo hili. Mtandao wa taarifa za kitabibu ulioanza mwaka 2013 kwa ushirikiano wa wizara ya afya, chama cha madaktari wa watoto na mpango wa utafiti wa KEMRI-Wellcome uliweka karani wa takwimu katika wodi za watoto za hospitali za kaunti, ukarudisha ripoti kwa kila hospitali na kuwakutanisha madaktari na wauguzi wake mara kwa mara. Uandishi wa majalada ya wagonjwa ukaimarika. Mtandao huo ni wa hospitali, na zahanati ina watu wachache zaidi. Kanuni yake lakini inahamishika: ubora wa taarifa hufuata matumizi yake, na kusubiri ubora kabla ya matumizi ni kusubiri kisichokuja.

Kuhusu mzigo wa kazi, karani mmoja kwa kila kundi la zahanati chache, akiajiriwa na halmashauri, ni jibu la kutosha kwa kuanzia. Kuhusu usiri, tahadhari ni ya lazima katika kijiji ambako kifo kimoja kinatambulika hata bila jina, na kamati ya taifa ya maadili chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina uzoefu wa kuweka masharti hayo.

Linalobaki ni la kiutawala, na pengine ndilo linaloeleza kwa nini mfano wa Rufiji ulisifiwa sana ukaigwa kidogo. NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, iko chini ya Wizara ya Afya. Zahanati na vituo vya afya viko chini ya halmashauri, na halmashauri ziko chini ya Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, yaani TAMISEMI. Mtafiti wa taasisi huingia wilayani kwa barua, kama mgeni, na hutoka na takwimu zake kama mgeni. Mtandao unaoanzia taasisini utaurithi mpaka huo hata ukiwa na nia njema, ilhali ule unaoanzia halmashauri uko tayari upande wa pili wa mpaka, na unaweza kuiita taasisi iusaidie pale unapohitaji mbinu za takwimu, maabara au mafunzo. Katika mpangilio huo NIMR, Ifakara na Muhimbili hazipotezi nafasi. Zinabadilisha nafasi kutoka kwa wenye swali kuwa wenye utaalamu. Lugha ya mikutano na ripoti za mtandao iwe Kiswahili, kwa sababu wanaotakiwa kuzisoma kwanza, kuanzia wajumbe wa kamati za zahanati hadi madiwani, huamua mambo yao kwa lugha hiyo. Tafsiri kwa ajili ya majarida ya nje inaweza kufuata.

Ni dhahiri kwamba wilaya mbili za miaka ya 1990 haziwezi kuthibitisha jambo kwa nchi nzima, na inawezekana halmashauri za mijini, zenye hospitali binafsi na wahamaji wengi, zikahitaji mpangilio tofauti. Lakini baada ya zaidi ya miongo minne tangu Alma-Ata, mfano wa kuanzia juu umepewa muda wa kutosha kujithibitisha katika maamuzi ya zahanati, na haujafanya hivyo. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na mipango kabambe ya afya ya halmashauri huandaliwa miezi kadhaa kabla ya hapo. Timu ya halmashauri inayotaka kuwa kiungo cha kwanza cha mtandao huu haina haja ya kumsubiri mfadhili, bali iandike kifungu cha utafiti katika mpango wake ujao, imtaje karani wake, na izialike halmashauri mbili za jirani ziulize swali hilo hilo.